Karatasi imekwama: jinsi printa ya ofisini ilivyosaidia kuzaa programu huria

Tuseme una ripoti ya kurasa 40 inayotakiwa mezani kwa bosi saa nane mchana. Umebonyeza kitufe cha kuchapa, kompyuta imekubali bila ubishi, na printa yenyewe iko chumba cha tatu kutoka hapo ulipo. Unamalizia chai yako, unatembea taratibu hadi kule, unakuta taa ya njano inawakawaka, karatasi imejikunja ndani kama leso iliyofuliwa, na nyuma ya ripoti yako zimepanga foleni kazi za watu wengine sita. Hao sita wamekaa kwenye viti vyao wakiamini mambo yanaenda. Kila mmoja anasubiri, na hakuna anayejua kwamba kinachosubiriwa kilishasimama nusu saa iliyopita.

Hali hiyo unaijua, hata kama hujawahi kuajiriwa, maana steshenari za karibu na chuo wiki ya kukusanya tasnifu ni hivyohivyo. Ambacho huenda hukijui ni kwamba kero hiyohiyo, kwenye mwaka 1980 hivi, ilimgusa mtu mmoja kule Cambridge, Massachusetts, na matokeo yake yamefika hadi kwenye simu uliyoshika. Leseni inayolinda kiini cha Android, yaani Linux, iliandikwa na mtu huyo. Lakini tusianze na yeye. Tuanze na mashine yenyewe, maana tunaitukana kila siku bila kujua inapitia nini.

Kwa nini karatasi hukwama

Baba wa mashine hizi ni Chester Carlson, Mmarekani aliyefanya kazi kwenye idara ya hataza ya kampuni moja ya New York. Kazi yake ilihitaji nakala nyingi za nyaraka na michoro, na kunakili kwa mkono kulimtesa, zaidi kwa sababu alikuwa na ugonjwa wa baridi yabisi. Tarehe 22 Oktoba 1938, kwenye chumba cha kupanga huko Astoria, Queens, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa kitambaa ili lipate chaji ya umeme tuli, wakaweka juu yake kioo kilichoandikwa tarehe na jina la mahali, wakakimulika kwa taa. Mwanga uliondoa chaji kila ulipopita. Penye maandishi, mwanga haukupita, chaji ikabaki. Wakanyunyiza unga laini, unga ukang'ang'ania kwenye maandishi tu, kisha wakauhamishia kwenye karatasi yenye nta.

Umeme tuli ni uleule unaofanya nywele zisimame ukivua sweta. Hadi leo printa ya leza inafanya jambo hilohilo, ila silinda imechukua nafasi ya bamba, na tona imechukua nafasi ya unga.

Carlson alizunguka na wazo lake kwa miaka, makampuni zaidi ya 20 yakamkatalia. Hatimaye kampuni ndogo ya Rochester iitwayo Haloid, ambayo baadaye ilijiita Xerox, ilikubali, na mwaka 1959 ikatoa mashine ya kwanza ya kweli ya ofisini, Xerox 914. Ilikuwa na uzito wa karibu kilo 300. Ilikuwa pia inapata joto kiasi kwamba karatasi iliyokwama ingeweza kushika moto, kwa hiyo kampuni ikaweka kizimamoto kidogo pembeni. Watu wa masoko hawakutaka neno "moto" litajwe mbele ya mteja, wakakipa jina lenye maana ya "kiondoa kuungua". (Ukiona mtengenezaji anabuni jina zuri namna hiyo, jua kuna shida.)

Sasa fikiria safari ya karatasi moja. Rola la mpira linaikamata kutoka kwenye trei na linatakiwa kuchukua moja, moja tu. Inapita karibu na silinda yenye chaji inayotaka kuinata. Kisha inabanwa kati ya rola mbili za moto, joto likikaribia nyuzi 200 za Selsiasi, ili tona iyeyuke na kushika. Maji huchemka kwenye nyuzi 100. Kama rimu yako imekaa wazi wiki nzima kwenye ofisi ya Tanga au Mombasa, karatasi imeshanyonya unyevu wa hewa, na unyevu huo hapo kwenye joto unageuka mvuke ghafla. Karatasi inajikunja upande mmoja, ncha inagonga mahali isipotakiwa, kwisha habari. Ongeza rola za mpira zilizoota ugumu na vumbi, ongeza mazoea yetu ya kurudia karatasi zilizochapwa upande mmoja (hizo zimeshapita kwenye joto mara moja na zina mkunjo tayari), ndipo unaelewa kwamba la kushangaza ni zile kurasa zinazotoka salama.

Ndiyo maana sekretari wa siku nyingi huipeperusha rimu kama karata kabla ya kuiweka kwenye trei. Anaingiza hewa kati ya karatasi ili zisishikane. Huenda hakufundishwa fizikia ya umeme tuli, lakini dawa yake ni sahihi kabisa. Kitambaa chenye unyevu kidogo kwenye rola la kuvuta karatasi, mashine ikiwa imezimwa, nacho kinasaidia kwa sababu hiyohiyo ya vumbi. Na rimu iliyofunguliwa irudishwe kwenye karatasi yake ya nje, au ifungwe kwenye mfuko wa plastiki.

Printa moja, watu wengi

Mashine ya Carlson ilikuwa ya kunakili tu. Aliyeigeuza kuwa printa ya kompyuta ni Gary Starkweather, mhandisi wa Xerox aliyefikiri kwamba mwale wa leza, ukipigwa kwenye kioo chenye pande nyingi kinachozunguka kwa kasi, ungeweza "kuchora" ukurasa moja kwa moja kwenye silinda bila kuhitaji karatasi ya kunakiliwa. Wakubwa wake hawakulipenda wazo hilo. Mwaka 1971 akahamia kituo kipya cha utafiti cha kampuni hiyohiyo, PARC, huko Palo Alto, California, na kabla mwaka haujaisha alikuwa ameshageuza mashine ya kunakili kuwa printa inayofanya kazi.

Printa hiyo ilikuwa ghali mno kumpa kila mtu ya kwake. Ilibidi watu washirikiane. Na ili washirikiane, kompyuta zao zilihitaji njia ya haraka ya kuifikia. Tarehe 22 Mei 1973 Robert Metcalfe wa PARC aliandika waraka wa kupendekeza njia hiyo, akaiita Ethernet. Ndiyo, ile waya ya mtandao inayochomekwa nyuma ya kompyuta ya ofisini. Moja ya kazi zake za mwanzo kabisa ilikuwa kuwaunganisha watu na printa.

Hapo ndipo kero yetu ilipozaliwa. Mashine ya 914 uliisimamia mwenyewe, ikikwama, unaona. Printa ya mtandao iko mbali nawe, na umbali huo ndio unaokuficha ajali. Nimewahi kufanya kazi ya muda kwenye ofisi moja ambako ukutani palibandikwa tangazo kwa kalamu nyekundu: ukituma kazi, njoo usimame hapa mpaka itoke. Kwa maneno mengine, waliinunua printa ya mtandao kisha wakaufuta mtandao kwa kutumia miguu ya wafanyakazi.

Ujumbe kwa waliopanga foleni

Maabara ya Akili Unde ya MIT ilikuwa na printa ya awali ya Xerox, iliyoitwa XGP, na ilikuwa ikikwama mara kwa mara. Mmoja wa waandishi wa programu pale alikuwa Richard Stallman. Kurekebisha vyuma hakuweza, hiyo haikuwa fani yake. Lakini msimbo chanzo wa programu iliyoiendesha printa walikuwa nao, yaani maandishi yale ambayo binadamu anaweza kuyasoma na kuyabadilisha. Basi akaongeza kitu kidogo. Printa ikikwama, kompyuta ilituma ujumbe kwa kila aliyekuwa na kazi kwenye foleni kwamba mashine imekwama. Kazi ikimalizika, mwenye kazi alijulishwa pia.

Angalia akili iliyomo hapo. Ujumbe haukwenda kwa fundi wala kwa kila mtu jengoni. Ulikwenda kwa wenye shida tu, wale ambao kwa wakati huo walikuwa na sababu ya kunyanyuka. Ukiwa na watu sita wanaosubiri, na wote sita wanajua, haitapita dakika nyingi kabla mmoja hajaenda kuitoa karatasi. Printa ilibaki na ubovu wake uleule, ila sasa ubovu huo ulidumu dakika chache badala ya saa nzima. Binafsi naona huo ni mmoja wa utatuzi mzuri kabisa wa tatizo la ofisi, na haukugharimu hata senti.

Kisha ikaja printa mpya ya leza, zawadi kutoka Xerox. Ilikuwa ya haraka na maandishi yake yalikuwa safi kuliko ya ile ya zamani. Nayo ilikuwa inakwama. Stallman akataka kuiongezea maarifa yaleyale, akagundua kwamba safari hii programu imekuja ikiwa imeshageuzwa kuwa lugha ya mashine, namba tupu ambazo hazisomeki. Msimbo chanzo haukuletwa. Baadaye akasikia kwamba mtu mmoja kwenye Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, anao. Alipopata nafasi ya kufika huko, akamwomba nakala, kama watafiti walivyozoea kuombana. Jamaa akakataa. Alikuwa ameweka sahihi mkataba wa kutoutoa.

Stallman anasimulia kwamba alikasirika, akageuka akaondoka bila kusema neno. Kilichomuuma, kwa maelezo yake, ni kwamba mtu yule kwa sahihi moja alikuwa ameahidi kutowasaidia karibu watu wote duniani.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huishia hapo: printa ikakwama, shujaa akakasirika, programu huria zikazaliwa. Mimi nadhani hiyo ni nusu ya hadithi. Nusu nyingine inahusu kompyuta kuukuu.

Kompyuta ilipozeeka ikafa na programu zake

Maabara ile iliendesha kazi zake kwenye kompyuta ya PDP-10 ya kampuni ya Digital. Mfumo wake endeshi uliitwa ITS, nao uliandikwa na wenyewe pale maabara tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Ulikuwa fahari yao. Tatizo ni kwamba waliuandika kwa lugha ya ndani kabisa ya PDP-10, lugha ambayo mashine nyingine yoyote haielewi.

PDP-10 ilibuniwa ikiwa na anwani za biti 18. Maana yake programu iliweza kuona sehemu 262,144 tu za kumbukumbu, kila moja ikiwa na biti 36. Ukipiga hesabu inakuja kama megabaiti 1.2. Miaka ya 1960 huo ulikuwa utajiri. Leo picha moja ya simu ya kawaida inazidi hapo. Miaka ya 1980 ilipoingia, kumbukumbu zilikuwa zimeshuka bei, na mashine hiyo haikuweza kutanuka vizuri kuzifuata. Mwaka 1983 Digital ikaachana na mrithi wake aliyekuwa anatengenezwa. Na ITS, kazi ya miaka karibu 15 ya watu hodari, ikawa haina pa kuishi.

Wakati huohuo maabara yenyewe ilikuwa inavunjika. Kampuni iitwayo Symbolics ilikuwa imeshawachukua karibu waandishi wote wa programu, na mwaka 1982 maabara ilipopata PDP-10 nyingine, iliendeshwa na mfumo wa Digital wenyewe, wa kufungwa.

(Kwa wanaotaka kujua sisi tulikuwa wapi: Tanzania ilikuwa imezuia uingizaji wa kompyuta bila kibali maalumu tangu mwaka 1974, baada ya kupata hasara na mashine za Wizara ya Fedha. Wakati Stallman anagombana na printa, ofisi zetu nyingi zilikuwa zinagombana na utepe wa taipureta.)

Kwa hiyo Stallman alibeba mambo mawili kutoka miaka ile. Printa ilimpa hasira, na PDP-10 ilimpa funzo la kiufundi: usiandike kitu kinachokufa pamoja na chuma kilichokibeba. Tarehe 27 Septemba 1983 alitangaza kwamba ataandika mfumo endeshi kamili ambao kila mtu ataruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Aliuita GNU, na nembo yake ni kichwa cha nyumbu, huyohuyo wa Serengeti, maana kwa Kiingereza ndilo jina lake. Hakuufuata muundo wa ITS aliyoipenda. Alifuata Unix, kwa sababu Unix ilikuwa imeshaonyesha kwamba inaweza kuhama kutoka mashine hadi mashine. Januari 1984 aliacha kazi MIT ili chuo kisije kudai umiliki. Mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL, inayosema kwa ufupi kwamba ukimpa mtu programu hii, mpe na msimbo chanzo wake, na usimzuie naye kuutoa. Fikiria yule jamaa wa Pittsburgh: chini ya leseni hii, mkataba kama aliouweka sahihi usingekuwa na nguvu.

Mwaka 1991 mwanafunzi wa Helsinki, Linus Torvalds, akaandika kiini cha Linux kwenye kompyuta yake ya 386, na mwaka uliofuata akakiweka chini ya GPL. Vipande viwili vikaungana. Na printa hazikusahaulika: mwaka 1999 Michael Sweet alitoa CUPS, mfumo huria wa kusimamia foleni za uchapaji, ambao Apple iliuchukua na kuuingiza kwenye kompyuta za Mac mwaka 2002. Hadi leo Mac na Linux zinachapa kwa kutumia kazi hiyo.

Sasa turudi kwenye ofisi zetu

Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Toleo la 11 linadai chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 na prosesa za kuanzia karibu mwaka 2017. Kompyuta yenye RAM ya GB 8, kioo kizima, kibodi nzima, ikaamka asubuhi ikiitwa "ya zamani". Haikuharibika. Kuna mtu aliyeamua. Ni PDP-10 tena, tofauti ni kwamba safari hii chuma bado kina uwezo, programu ndiyo iliyoondoka.

Kwenye ofisi ya kata, kwenye shule, kwenye zahanati, bajeti ya kompyuta mpya haiji kwa sababu kampuni ya ng'ambo imetangaza tarehe. Watu wanaendelea na mashine ileile bila masasisho ya usalama, wakibadilishana faili kwa flashi zenye virusi. Hapo ndipo hasira ya mwaka 1980 inapata maana. Linux inaweza kuwekwa kwenye mashine hiyo bila kulipa leseni, ikaendelea kupata masasisho. Kuna matoleo mepesi, kama Xubuntu na Lubuntu, yanayolenga hasa mashine zenye uwezo mdogo. Na si kitu kigeni kwetu: mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Hawakuhitaji kuomba ruhusa ya mtu kutafsiri. Msimbo ulikuwa wazi.

Sitaki nikuuzie ndoto. Programu huria nazo huacha mashine nyuma: Desemba 2012 watunzaji wa Linux waliondoa uwezo wa kuendesha prosesa ya 386, ileile ambayo Torvalds alianzia. Mifumo maalumu ya malipo au ya kiserikali pia mara nyingine inafanya kazi kwenye Windows peke yake, na hapo huna ujanja. Vilevile ugomvi wa printa umehamia kwenye katriji. Watengenezaji kadhaa wanaweka chipu ndani yake ili printa ikatae tona ya kujazwa. Mwaka 2017 Mahakama Kuu ya Marekani, kwenye kesi ya kampuni ya Lexmark dhidi ya Impression Products, iliamua kwamba mtengenezaji akishauza katriji, haki yake ya hataza juu ya katriji hiyo imekwisha, mnunuzi anaweza kuijaza na kuiuza tena. Lakini hukumu haiondoi chipu. Fundi wa kujaza tona pale mjini kwako anajua hilo kuliko mimi, ndiyo maana anauza na chipu mbadala pembeni.

Kama unataka kujaribu kwenye kompyuta moja kuukuu, huhitaji kufuta kitu. Pakua toleo mojawapo, liweke kwenye flashi ya GB 8, washa kompyuta ianzie kwenye flashi na uchague kujaribu bila kusakinisha. Hati zilizo kwenye diski zitabaki kama zilivyo. Unganisha Wi-Fi, fungua faili mbili tatu za ofisini uone kama zinakaa sawa, kisha chomeka printa na uchape ukurasa mmoja wa majaribio kabla ya kuamua lolote, maana zipo printa ambazo hata huko hazitambuliki. Na uipeperushe rimu kwanza.